Ndiyo ya Mzee Rangi

Sehemu ya Saba

Neno lililotoka kinywani mwa Mzee Rangi lilikuwa "ndiyo."

Msomaji uliyekuwa nasi wiki jana unakumbuka tulipomwacha. Amelala chali, upande mzima wa mwili umekufa ganzi, na mwanawe wa kwanza, ambaye nyumba nzima humwita Mkubwa, amemwinamia na karatasi mkononi. Mashahidi wawili wamesimama miguuni pa kitanda. Mkubwa amemuuliza, kwa sauti ya kusikika na wote, kama anakubali nyumba iandikwe kwa jina lake. Na Mzee amevuta pumzi, amekusanya nguvu zote zilizobaki, ili aseme hapana.

Alizikusanya bure.

Wiki tano nyuma kiharusi kilimwangusha bafuni, povu la sabuni likiwa bado masikioni. Kilichukua mkono wa kulia, ule uliochora mabango ya maduka kwa miaka arobaini. Kilichukua mguu. Kikachukua na maneno yote, kikamwachia moja tu, kama mwizi aliyesahau kijiko kimoja jikoni. Ukimuuliza kama ana kiu, ndiyo. Ukimuuliza kama ameshiba, ndiyo. Kichwani hapana zake zilikuwepo zote, nzima kabisa, lakini zikifika mdomoni zinageuka.

"Mmesikia wenyewe," Mkubwa aliwaambia mashahidi.

Walikuwa wamesikia. Mmoja alikuwa kinyozi wa jirani, aliyekuja na aproni yake yenye nywele za watu. Wa pili alikuwa fundi baiskeli. Wote wawili walitazama chini, kama watu waliokuta mlango wa choo haukufungwa.

Mkubwa hakuwa na furaha usoni. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alianza kuwaeleza, bila kuulizwa, kwamba hakuja kumdhulumu mtu. Nyumba hii mama yake mzazi aliijenga kwa mikono yake kabla hajafa. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka tisa, alibeba ndoo za maji ya kumwagia matofali mpaka shingo ikapinda. Je, akae tu, aje aamke siku moja akute imekuwa ya mwanamke aliyeingia rangi ya kuta ikiwa imeshakauka?

Mwanamke huyo ni Mama Mdogo. Ameishi na Mzee Rangi miaka kumi na tisa, na ndiye aliyemwosha kila asubuhi kwa wiki hizi tano. Saa ile hakuwepo. Alikuwa ameaga anakwenda kununua sabuni.

Mkubwa alifungua kidau cha wino. Akaushika mkono wa kushoto wa baba yake, mkono mzima, akalikunjua dole gumba.

Mzee aliuvuta mkono. Mkubwa akaurudisha. Hakutumia nguvu nyingi. Aliurudisha kama mtu anayemvisha mtoto kiatu, na hilo ndilo lililomuuma Mzee kuliko yote. Dole likaingia kwenye wino. Likatoka likiwa la bluu. Likapelekwa juu ya karatasi, likawa limebakiza upana wa unywele kuigusa.

"Liache hapo hapo lilipo."

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa mwanamke mwenye miwani na faili la kijani kwapani, na nyuma yake Mama Mdogo, anahema, bila sabuni yoyote.

Mzee Rangi alimtambua mgeni, na moyo wake ukaruka. Alikuwa wakili wake.

Hapo msomaji lazima ujue jambo ambalo ndani ya nyumba ile hakuna aliyelijua. Siku mbili kabla ya kuanguka, Mzee Rangi alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake, ofisini kwa wakili huyo. Akaeleza anachotaka kifanyike akishakufa. Mama Mdogo akae katika nyumba hii mpaka mwisho wa maisha yake, asisumbuliwe na mtu. Akishaondoka naye, nyumba iwe ya watoto wawili, Mkubwa na dada yake, nusu kwa nusu. Wakili akaandika, akamsomea, Mzee akaridhika. Kilichobaki ni sahihi na mashahidi. Wakapanga Alhamisi.

Kiharusi kilikuja Jumatano.

Alikuwa amepanga kuwaambia wote Jumapili, baada ya kutia sahihi, wakiwa wamekaa mezani. Hakutaka maneno kabla. Sasa maneno yote yalikuwa yamebaki kwake, na yeye hakuwa nayo.

Mama Mdogo ndiye aliyeikuta kadi ya wakili kwenye mfuko wa shati wakati wa kufua. Aliona nembo ya mizani, akajua hii si kadi ya fundi bomba, na alipomwona Mkubwa anaingia asubuhi na mashahidi, akatoka na hiyo kadi mkononi.

Wakili aliichukua ile karatasi, akaisoma haraka, akauliza nani ameiandaa na mwenye nyumba amekubali vipi. Mkubwa akajibu kwamba amekubali kwa kinywa chake, mbele ya watu wawili wazima.

"Vizuri," wakili akasema. Akavuta kiti mpaka karibu na mto. "Shikamoo, Mzee. Unanikumbuka?"

"Ndiyo."

"Mimi ni mke wako?"

"Ndiyo."

"Hapa tulipo ni sokoni?"

"Ndiyo."

Kinyozi alikohoa. Fundi baiskeli aligeukia dirisha, mabega yakamtikisika, kisha akajuta. Mzee Rangi aliyaona yote. Alikuwa amekwisha kuvuliwa nguo mbele ya wauguzi, amekwisha kulishwa kwa kijiko, lakini hakuna siku aliyojiona mtupu kama wakati ule, akimwambia mwanamke wa watu kwamba ni mkewe na kwamba chumba chake cha kulala ni soko.

Wakili aliikunja ile karatasi ya Mkubwa mara mbili, akamrudishia. Alimweleza bila ukali kwamba dole la mtu asiyeweza kukataa si kibali. Akiliweka pale, siku atakapopingwa mahakamani, yeye na mashahidi wake watakuwa na mengi ya kujibu.

Kinyozi akasema ameacha mteja nusu kichwa. Akaondoka, na mwenzake akamfuata.

Mzee alidhani ameokoka. Pumzi yake ilianza kushuka vizuri. Mkubwa alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kabati, kichwa mikononi. Ndipo wakili alipofungua faili la kijani na kuwasomea, Mkubwa akiwepo, ule wosia ambao haukutiwa sahihi.

Mama Mdogo alisikiliza amesimama. Wakili alipofika pale penye "mpaka mwisho wa maisha yake," Mama Mdogo aliushika ukuta.

Alifunga safari fupi ya kuja kitandani, akapiga magoti, akamfuta Mzee wino kwenye dole kwa pindo la nguo yake. "Basi mpe atie alama, mama wakili," alisema. "Dole hili hapa. Mzee wangu, huu ndio unaoutaka? Unataka nikae humu?"

"Ndiyo," alisema Mzee Rangi.

Hiyo ilikuwa ndiyo ya kweli. Ya kwanza ya moyo wote katika wiki tano. Aliisema kwa macho, kwa shingo, kwa nusu ya uso iliyobaki. Machozi yalimtoka upande mmoja.

Wakili alivua miwani, akaifuta, akakawia kuivaa.

"Mama," alisema, "nimetoka kuikataa ndiyo yake kwa mwanawe. Siwezi kuipokea kwako."

Nje gari la taka lilipita, likagonga mapipa, likaenda zake.

Mzee alilala pale akiona kama mlango unafungwa usoni pake. Ameokolewa na kuzamishwa kwa neno lile lile, asubuhi moja.

Mkubwa aliinua kichwa. Akauliza, taratibu, baba akifariki bila wosia inakuwaje. Wakili akamjibu kwamba sheria itagawa kwa warithi, mke na watoto. Kisha, kwa kuwa kazi yake ilimtaka aulize, akamgeukia Mama Mdogo akauliza cheti cha ndoa kiko wapi.

Hakikuwepo.

Mama Mdogo alieleza akiwa bado amepiga magoti. Kila mwaka walisema watakwenda kuandikisha. Mwaka mmoja kulikuwa na kazi nyingi. Mwaka mwingine Mzee alisema karatasi ni za watu wasioaminiana. Miaka kumi na tisa ikapita hivyo, na wao wakaizoea.

Wakili akasema mahakama inaweza kuwatambua watu walioishi hivyo kama mke na mume. Lakini itabidi Mama Mdogo athibitishe, na huenda akatokea mtu wa kumpinga. Hakumtazama Mkubwa aliposema hilo. Hakuhitaji.

Na Mzee Rangi, ambaye ndiye aliyesema maneno yale ya watu wasioaminiana, alifumba macho. Angeweza angalau kuomba radhi. Alijua akifungua mdomo kitatoka nini.

Kabla ya kuondoka wakili aliacha upenyo mmoja, mdogo kama tundu la sindano. Sheria, alisema, haidai mtu awe na sauti. Inadai awe na akili yake na njia ya kuonyesha anachotaka, ndiyo iwe ndiyo na hapana iwe hapana, bila kubabaisha, mbele ya daktari atakayekuwa tayari kuandika hivyo. Mtafutieni hapana yake, alisema. Mkiipata, niiteni siku hiyo hiyo.

*

Waliitafuta siku nane.

Binti alikuja kutoka mji anakofundisha shule. Wanamwita Mwalimu, hata baba yake alimwita hivyo alipokuwa na uwezo wa kuita. Alileta kadi zenye maneno mawili, NDIYO na HAPANA, kwa herufi kubwa nyeusi, kama anazofundishia watoto wa darasa la kwanza.

Mzee alizitazama. Yeye aliyechora herufi ndefu kuliko mtu, aliyeweza kukuambia kwa mbali kama herufi A imesimama au imelewa, aliona vijidudu vinatambaa. Akagusa kadi moja. Binti akafurahi. Akauliza swali jingine, akagusa ile ile. Na jingine, ile ile.

Wakajaribu kufumba macho, mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Macho yalifumba yanavyotaka yenyewe. Wakajaribu kutikisa kichwa. Kichwa kilitikisika sawasawa na mdomo, juu na chini, juu na chini. Siku ya tano Mwalimu alitoka nje akakaa kwenye ngazi, na Mzee akamsikia akipenga kamasi.

Siku ya nane Mama Mdogo alikuwa akisafisha karakana, ile ya upande wa barabarani ambako Mzee alifanyia kazi. Aliingia chumbani na kopo la rangi nyekundu, kuukuu, ili aulize kama alitupe maana limeanza kuganda. Aliuliza kwa mazoea tu, bila kungoja jibu.

"Ndiyo," alisema Mzee.

Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umelishika lile kopo na unalivuta kifuani.

Mama Mdogo alisimama. Akalivuta. Mkono ukakaza. Akamuuliza tena, alitupe? Mdomo ukasema tupa, mkono ukasema acha.

Aliketi kitandani polepole kama mtu aliyebeba mayai. Kisha akamwita Mwalimu.

Ndani ya saa moja kulikuwa na ubao juu ya magoti ya Mzee na makopo mawili pembeni, moja jekundu na moja la kijani. Kijani ndiyo, nyekundu hapana. Brashi nene mkono wa kushoto. Herufi zilimkimbia, maneno yalimkimbia, ila rangi hazikuondoka. Labda zilikaa mahali pengine kichwani, chumba ambacho kiharusi hakikupata ufunguo wake.

Mwalimu akauliza kama yeye ni mwanawe. Brashi ilikwenda kwenye kijani, ikaweka doa ubaoni. Akauliza kama hapa ni sokoni. Mdomo ukasema ndiyo. Brashi ikaenda kwenye nyekundu.

Hapana. Ilikuwa kubwa, imechuruzika, imechafua shuka.

Mama Mdogo alicheka na kulia kwa pamoja. Akauliza lile lililokuwa likimkera muda mrefu, kama anaipenda supu yake ya boga. Wiki sita alikuwa akimlisha hiyo kila jioni, maana kila akimuuliza anajibiwa ndiyo. Brashi ikachovya nyekundu, ikapaka ubao kutoka upande mmoja mpaka wa pili.

"Miaka yote hii?" aliuliza.

Kijani.

Walicheka mpaka Mzee akapaliwa. Msomaji, zilikuwa dakika kumi nzuri. Sina nyingine za kukupa wiki hii.

*

Wakili alipopigiwa simu alitoa sharti moja. Mkubwa aitwe. Wosia unaofanywa kwa kujificha, alisema, ndio unaozaa kesi. Akae, aone, aulize.

Basi Ijumaa saa nne asubuhi chumba kilijaa. Daktari aliyemtibu Mzee tangu siku ya kwanza, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, alikaa kwenye kiti na fomu zake gotini. Wakili alisimama dirishani. Mwalimu alishika ubao usiteleze. Mama Mdogo alikaa upande wa kulia wa kitanda, ameushika ule mkono wa Mzee uliokufa. Mkubwa aliegemea mlango, amevaa koti kama mtu anayepita tu.

Daktari alisema utaratibu wake mapema. Atauliza maswali mengi, mengine ya kijinga. Mengine atayarudia kwa kuyageuza. Akiona majibu yanapingana, au akikuta Mzee amesema jambo ambalo si kweli, hataandika kwamba akili iko timamu, na hapo hakuna wosia.

Akaanza. Watoto wangapi, watatu? Nyekundu. Wawili? Kijani. Mke wa kwanza yu hai? Nyekundu, taratibu. Nyumba ni ya kupanga? Nyekundu. Mkubwa alitazama madoa yakiongezeka ubaoni na uso wake ukazidi kubadilika. Labda hakuwa ameamini. Labda alikuwa amejilazimisha kutoamini.

Nusu saa ilipita bila kosa hata moja. Daktari alikuwa amejaza kurasa mbili. Wakili akaomba aingize swali lake, la kawaida, analomuuliza kila mteja ili kama kuna wosia wa zamani aufute kwa maandishi.

"Mzee, umewahi kutia sahihi wosia mwingine, zamani?"

Brashi ilikwama hewani.

Alikuwa amewahi. Ni miaka ishirini na mbili sasa. Wiki ileile aliyomzika mama wa watoto, akiwa hali wala halali, alikwenda kwa karani mwenye mashine ya chapa, akataka iandikwe kwamba akifa yeye naye, kila kitu kiwe cha mwanawe mkubwa, ili amlee mdogo wake. Alitia sahihi. Mashahidi wawili walitia sahihi, na wote wawili wameshakufa. Akaikunja karatasi, akaitia chini ya sanduku la brashi. Maisha yakaendelea, na yeye, kwa aibu au kwa usahaulifu, hakuwahi kumtajia wakili.

Daktari alikuwa akimtazama. Wote walikuwa wakimtazama.

Alichovya kijani.

Mama Mdogo alimgeukia. Mwalimu akasema "Baba?"

Wakili hakushtuka, au hakuonyesha. Aliwaeleza kwa upole kwamba hilo halina shida. Wosia mpya ukiwekwa alama leo, ule wa zamani unakufa papo hapo. Usipowekwa, wa zamani ndio unaosimama.

Mkubwa aliondoka mlangoni. Alikuja mpaka kitandani akachuchumaa, macho yake sawa na ya baba yake. Hakuwa amemsogelea hivyo bila karatasi mkononi kwa muda mrefu.

"Baba," alisema, "jina lililo humo ni langu?"

Mzee Rangi alikuwa na hapana sasa. Ilikuwa pale, kopo zima, umbali wa kiganja. Angeweza kuitumia na hakuna ambaye angejua. Alimtazama mwanawe, akaona mvi kwenye masharubu, akaona na yule mtoto wa miaka tisa mwenye ndoo.

Kijani.

Mkubwa alimeza mate. Kisha akauliza kama uko humu ndani ya nyumba. Kijani. Karakana? Kijani. Wakili akasema ni vyema upatikane, anukuu tarehe yake. Mkubwa akataja kabati, nyekundu, akataja dari, nyekundu, akataja sanduku la brashi walilokatazwa kuligusa tangu utoto.

Kijani.

Alitoka. Walimsikia upande wa pili wa ukuta akiburuta kitu kizito, kisha milio ya brashi zikimwagika sakafuni.

Daktari aliendelea na fomu. Wakili alitoa wosia mpya, akaulaza juu ya faili la kijani, akafungua kidau cha wino akakiweka tayari. Mama Mdogo aliukaza mkono wa Mzee kwa mikono yake yote miwili. Midomo yake ilikuwa inacheza, anajisemea kitu.

Kulibaki swali la mwisho. Daktari aliweka kalamu mahali pa sahihi yake, akainua macho ili aulize kama Mzee anafanya haya kwa hiari yake.

Hatua za Mkubwa zilirudi zikiwa za polepole.

Alikuwa ameshika karatasi iliyogeuka rangi ya chai, yenye mikunjo minne. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Daktari," alisema, "baba amekujibu kwamba jina humu ni langu."

"Ndivyo alivyojibu."

"Jina langu halimo."

Kalamu ya daktari ilinyanyuka kutoka kwenye fomu. Alimtazama Mzee, kisha akatazama ubao uliojaa madoa, kama anayajumlisha upya. Kisha akaifunika kalamu kwa kifuniko chake.

Wakili aliichukua karatasi, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa imepigwa chapa. Ilikuwa na sahihi ya Mzee Rangi chini, au sahihi inayofanana nayo kama pacha. Tarehe ilikuwa ya mwaka aliokufa mama wa watoto.

Alisoma jina la mrithi kwa sauti.

Lilikuwa la Mama Mdogo.

Mwalimu alihesabu kwa vidole, bila kujua kwamba anahesabu. Mama yao alikufa miaka ishirini na mbili iliyopita. Mama Mdogo alikuja mtaani miaka mitatu baadaye. Siku karatasi ile ilipoandikwa, katika nyumba hii hakuna aliyekuwa amewahi kumwona.

Mzee Rangi aliikumbuka siku hiyo yote. Aliikumbuka mashine ya chapa, harufu ya utepe wake, karani akimtajia jina la mwanawe herufi kwa herufi ili asikosee. Hakuwa amechanganyikiwa. Alijua hivyo kama alivyojua rangi. Na ndani ya chumba kile alikuwa mtu pekee anayejua.

Aligeuza shingo kadiri ilivyoweza kugeuka, amtazame mkewe.

Mama Mdogo alikuwa akitazama sakafu. Kisha mikono yake miwili ikafunguka, ikarudi mapajani pake, na mkono wa Mzee ukabaki peke yake juu ya shuka. Mzee hakuhisi ulipoachiwa. Aliona tu.